Deni

Alishuka Tororo kwa treni ya mizigo,
kati ya magunia ya saruji na mapipa ya mafuta,
jike la rangi ya chai ya rangi,
goti la kushoto limevimba, macho hayajalala.
Bwana Jamnadas alimdai mzungu mmoja wa Naivasha
misimu miwili. Pesa hazikuja.
Alikuja yeye.
Kwenye karatasi jina lake lilikula mistari miwili.
Sisi wa bandani tukamwita Deni.

Karani alimwandika daftarini
chini ya mafuta ya taa, juu ya misumari.

Nami, Marjani, mtoto wa Bombo, mwana wa askari,
nikapewa ndoo, brashi, na shilingi arobaini kwa mwezi.
Goti nililikanda kwa maji ya moto na chumvi
miezi minne.
Aliniuma mara mbili; bega lingali na mhuri wake.
Mara ya tatu akafumbua kinywa, akaghairi,
akanipumulia shingoni.

Mbio za kwanza: Jinja, wiki ya Pasaka.
Ochwo mgongoni, mwembamba kama utambi.
Kengele ikalia, wenzake wakatoka,
Deni akabaki ananusa nyasi.
Watu walicheka hadi miavuli ikawaponyoka.
Halafu, kama mama aliyekumbuka chungu jikoni,
akaondoka.

Sitasema alipaa. Farasi hapai.
Niliiona miguu ikigusa ardhi, mmoja mmoja,
na ardhi ikirudishwa nyuma
kama noti bandia.
Wa saba. Wa nne. Kwenye kona ya mwisho
mbele yake palikuwa na upepo tu.
Fundi cherehani mmoja, aliyeweka shilingi mbili,
akapanda juu ya kiti: "Deni limelipwa!"
Basi ukawa ndio ukelele wake,
Jinja, Kampala,
na kwetu chini ya mwamba, ambako mwamba uliurudia.

Mbio ishirini na moja. Kumi na sita alitangulia.
Vikombe vilipangwa nyuma ya mizani ya pamba;
wakulima wakija kupima walijiona humo,
vichwa vikubwa, miguu mifupi.
Mshahara wangu ukafika arobaini na tano.

Lakini alizoshindwa ndizo ninazozikumbuka.
Moja ilikuwa tope.
Moja, Ochwo alipanda na homa, akamkumbatia shingo njia nzima.
Moja, nilikuwa Bombo namzika mama,
na waliokuwapo walisema alikimbia
akitazama ua wa uwanja, upande huu, upande huu.
Sikuwaamini.
Nikawaomba wanisimulie tena.

Ya mwisho, Kampala. Umri miaka tisa.
Alikuwa mbele, farasi wawili mbele,
na kwenye kona akapunguza, akatembea, akasimama.
Akainamisha kichwa, akala nyasi.
Ochwo alishuka, akavua kofia, hakumpiga.
Jukwaani wakaita, "Deni! Deni!"
na kwa mara ya kwanza lilikuwa tusi.
Nilivuka uwanja na ndoo yangu.
Goti lilikuwa la moto kama siku ile ya treni.

Aliishi miaka kumi na tatu zaidi
nyuma ya kiwanda, akinenepa, akiuma makarani.
Tulimzika usiku, watu wanane, kwa kamba za marobota.

Mwaka ule wa siku tisini
Bwana Jamnadas alifunga sanduku moja.
Kikombe kimoja kiliingia, vingine havikuingia.
Mimi aliniachia ukurasa, ameuchana kwa rula:
mafuta ya taa, kimelipwa;
misumari, imelipwa;
katikati jina lake,
na mbele ya jina, nafasi nyeupe.
Alitaka kusema neno. Gari likapiga honi.

Mvua za kwanza zikinyesha
huchukua chumvi kiganjani, kiasi chake kile kile,
nikaenda nyuma ya kiwanda, nikaimwaga.
Mbuzi wa jirani huja kuilamba.
Siwafukuzi.